Mrejesho: Njia ya miguu kando ya korongo

Ndugu zangu, niliomba ushauri: wagombea uenyekiti wa mtaa wetu hapa Dodoma tuwaulize nini kuhusu njia ya waenda kwa miguu kando ya korongo? Kati ya majibu yenu nilishika lile la "waulize inapita kwa nani", yaani kwenye viwanja vya nani. Mkutano ukachangamka! Mmoja aliahidi kuijenga mwenyewe. Sikumwamini; mwenyekiti hana bajeti hiyo, ombi hupitia kamati ya maendeleo ya kata hadi halmashauri ya jiji. Mwenzake alifungua daftari, akasoma viwanja vinavyoguswa kimoja kimoja. Bibi mmoja akasimama: "Na mizabibu yangu?" Akajibiwa njia itapinda kabla ya uzio wake wa miba. Mwenye daftari ndiye aliyeshinda. Sasa tunadai mkutano mkuu wa mtaa, muhtasari uende kata. Asanteni sana.