Ofa yenye masharti ili ununue nyumba chini ya bei, inawezekana?

Muulizaji: Wadau, kuna nyumba Nyali, Mombasa nataka ninunue nipangishe, mwenyewe anataka milioni 9 lakini imekaa sokoni karibu mwaka na paa linavuja, nikimpa ofa ya milioni 7.5 kwa masharti ya mkopo, ukaguzi na sachi (kuangalia rekodi za hati ofisi ya ardhi), yaani moja likifeli sinunui, atanisikiliza kweli?

Jibu 1: Masharti mengi yanamfukuza muuzaji. Akushushie bei kwa sababu gani kama na wewe huna uhakika? Pata kwanza barua ya benki kwamba watakukopesha, halafu weka mawili tu, sachi iwe safi na fundi akague paa.

Jibu 2: Na dipoziti ya 10% ikae kwa wakili, iandikwe kabisa masharti yakifeli inarudi yote!! Mimi nililipa mkononi, sachi ikaonyesha hati iko rehani benki, nikahangaika miezi minane kurudishiwa. Kama ameoa ridhaa ya mkewe pia muhimu.

Muulizaji: Asanteni sana, ya ridhaa sikuijua. Ushuru wa stempu, ule wa kuhamisha umiliki, je?

Jibu 1: Ni wako mnunuzi, 4% mjini, na wanaangalia thamani ya mthamini wa serikali, so ukinunua kwa bei ya chini usidhani ushuru nao utashuka.