Tupeane uzoefu: kazi uliyoifumua mbele ya wenzako

SAFU YA KWANZA
Wafumaji wenzangu, habari za mikono? Nina jambo linanisumbua tangu Jumamosi, naona nilimwage hapa.

Klabuni kwetu kuna dada mgeni, hajamaliza hata miezi mitatu tangu ashike sindano. Alikuwa anafuma kifua cha sweta lake la kwanza. Jumamosi akakitandaza mezani, akakitazama weee, kisha akachomoa sindano na kuanza kuvuta uzi. Safu zaidi ya 80 zikaondoka moja baada ya nyingine. Chumba cha watu kumi na wanne kikawa kimya, unasikia uzi peke yake: trrr, trrr.

Kosa lake ni lile la wageni wengi. Akianza safu, uzi alikuwa anaurusha nyuma kwa kupita juu ya sindano, kitanzi cha kwanza kikavutika na kuonekana viwili, naye akavifuma vyote viwili. Alianza na vitanzi 80, alipofika juu alikuwa navyo 97. Kifua kikapanuka kama mdomo wa tarumbeta.

Mimi niliona. Niliona wiki mbili kabla, nikanyamaza, nikijiambia asije akakata tamaa akatukimbia. Alipomaliza kufumua akanigeukia akauliza taratibu, "Dada, wewe ulikuwa umeona?" Nikasema ndiyo. "Sasa mbona uliniacha?" Nikakosa pa kuuweka uso wangu.

Basi tupeane uzoefu. Ni kazi gani uliwahi kuifumua, nani alikuambia ina kosa, na alikuambiaje? Na je, mimi nilipaswa kusema?

SOKSI MOJA
Ulipaswa kusema. Ila subiri nikuhadithie yangu, maana mimi sikuambiwa kwa maneno.

Mimi ni mwanamume peke yangu kwenye klabu yetu, na nilipojiunga nilikuwa na kiburi cha mtu anayetaka kuonyesha. Nikachagua sweta la kaka yangu, la kufuma kwa mzunguko kuanzia chini. Maelekezo yanasema vitanzi 22 katika sentimita 10. Yanasema pia ufume kwanza kipande cha majaribio, ukioshe, ukiache kikauke, ndipo upime. Nani ana muda? Nikatupia sindanoni vitanzi 220 vya kuanzia, nikaanza safari.

Mkono wangu kumbe umelegea. Mimi natoa vitanzi 20 katika sentimita 10, si 22. Vitanzi viwili tu, utasema ni nini hicho? Piga hesabu: 220 ukigawanya kwa 22 unapata sentimita 100 za kifua, ukigawanya kwa 20 unapata 110. Kaka yangu ni mwembamba. Sweta lingemtosha yeye na rafiki yake.

Kuna mama mmoja klabuni, mkubwa kuliko sote, haongei sana. Siku hiyo alipita nyuma ya kiti changu, akaniwekea rula mapajani, akaenda zake kukaa. Basi. Nikakaa na ile rula kama dakika tano ndipo nikapima. Nimefumua sentimita 31 jioni ile, na tangu hapo kipande cha majaribio nakifuma hata kwa kitambaa cha kushikia sufuria, jambo ambalo nakiri ni wazimu.

SINDANO BAMBU
Yangu fupi. Nilitupia vitanzi 160 kwenye sindano ya mzunguko, nikaunganisha mwanzo na mwisho wa mstari kuwa duara bila kuangalia kama umejisokota. Ukiunganisha ukiwa umesokotwa, unapata pete yenye mgeuko mmoja, na hakuna namna ya kuinyoosha, hata uipige pasi. Ukiliona kosa ndani ya safu ya kwanza unaweza kulinyoosha kwenye ile nafasi ya muungano. Mimi nililiona kwenye sentimita ya 14.

Au niseme mwenzangu aliliona. Alicheka mpaka machozi, nami nikacheka, tukafumua pamoja, yeye akivuta mimi nikizungusha donge. Nadhani inategemea anayekucheka ni nani.

MSOKOTO
Hapo kwenye "anayekucheka ni nani" ndipo pangu.

Nilikuwa nafuma sweta lenye misokoto mitatu kifuani, ile mistari ya vitanzi vinavyopishana kama nywele zilizosukwa. Msokoto mmoja nilikuwa nimeuvusha upande usio wake, safu kama 30 nyuma. Mwanachama mmoja mzoefu aliliona kosa lile kutoka ng'ambo ya meza, akalitangaza kwa sauti ya mnadani: "Jamani, njooni muone mfano wa msokoto uliokwenda mrama!" Watu wakasogea. Yeye akaeleza kosa langu kwa kidole, kisha akasema hakuna dawa, fumua yote mpaka pale.

Nilifumua yote mpaka pale. Halafu sikurudi kwa miezi minane.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alikosea. Msokoto mmoja ukipotoka hufumui kazi nzima. Unaachia vitanzi vya msokoto ule peke yake, vyangu vilikuwa sita. Vinashuka kama ngazi hadi kwenye safu yenye kosa, unavivusha upya upande unaotakiwa, kisha unavipandisha safu kwa safu kwa sindano mbili fupi zenye ncha huku na huku. Vitanzi vilivyobaki havijui hata kama kuna lililotokea. Hili nimefundishwa na klabu nyingine niliyohamia. Wao wana desturi ya kuuliza kwanza, "Unataka jicho la pili?" Ukisema hapana, wanakuacha na kosa lako uishi nalo kwa amani.

Kwa hiyo Safu ya Kwanza, mimi nasema ulinyamaza kwa nia njema. Afadhali kimya chako kuliko ule mnada.

SOKSI MOJA
Pole sana, Msokoto. Lakini kati ya mnada na kimya kuna nafasi ya rula.

KATIBU WA NYUZI
Nacheka kwa sababu nimekaa kwenye kiti cha ukatibu kwa miaka, na kazi yangu nusu ni hiyo: kuambia watu wazima mambo wasiyotaka kusikia, kuanzia "umechukua mkasi wa klabu" hadi "uzi uliotuletea una mabuu ya nondo". (Hilo la nondo lilikuwa sekeseke. Mabuu yanakula sufu, akriliki hayaigusi, lakini yalikuwa yameshasambaa kabatini. Tuliutia uzi wote wa sufu kwenye mifuko iliyofungwa vizuri, ukakaa wiki mbili kwenye friza, nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Aliyeuleta hajui mpaka leo. Kama unasoma hapa, sasa unajua, na tunakupenda bado.)

Hadithi yangu ni ya blanketi. Tuliamua kufuma blanketi la pamoja la vipande 48, sita kwa nane, kila kipande sentimita 20 kwa 20. Uzi mmoja, namba moja ya rangi na namba moja ya kundi la upakaji rangi kwenye karatasi ya donge, sindano namba 8 kwa wote. Kila mtu apeleke nyumbani vipande vitatu. Mambo gani yangeharibika?

Vikarudi. Kipande kidogo kuliko vyote kilikuwa sentimita 18. Kikubwa kilikuwa 23. Ukivipanga sakafuni unaona meno ya mamba.

Vile vya 18 na 19 nilivielewa. Mikono haifanani, na mtu mmoja mkono wake hubadilika kulingana na siku aliyoipitia. Kuna mwanachama vipande vyake vitatu vilikuwa 20, 19 na 18 kwa mpangilio huo, na nilijua wiki ile alikuwa anauguza. Sikumwambia kitu. Tulivizungushia vidogo vyote mzunguko mmoja au miwili wa kroshia pembezoni, vikafika 20.

Lakini kipande cha 23 huwezi kukipunguza. Vilikuwa vitatu, vyote vya mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mwenyekiti wetu. Siku tatu nazunguka na maneno mdomoni. Mwisho nikamwomba tu aniletee sindano alizotumia, nikazipitisha kwenye kile kibao chenye matundu ya kupimia. Milimita 5! Sisi wengine milimita 4. Na zake zimeandikwa 8 kweli, nami hapo nikaelewa. Sindano zetu ni za zamani za Kiingereza, ambako namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, na 8 ni milimita 4. Zake ni za Kimarekani, ambako namba ikipanda sindano inanenepa, na 8 ni milimita 5. Aliyeandika "namba 8" kwenye tangazo ni nani? Ni mimi katibu.

Nilisimama mkutanoni nikasema kosa ni langu, nikamwomba mwenyekiti anipe vile vipande vitatu nivifumue na kuvifuma upya mwenyewe. Alikataa. Akavifumua palepale, kipande cha mwisho akanipa mimi nivute. Tangu siku hiyo matangazo yetu yote yanataja milimita.

KOFIA NDOGO
Sisi tulifumua kama klabu nzima. Tulifuma kofia za watoto waliozaliwa kabla ya wakati, tukapeleka 60 hospitalini, muuguzi akazikagua mbele yetu akatenga 22. Zenye kishada juu, hapana. Zenye mafumo ya matundu matundu, hapana, kidole kidogo kile hunasa. Zenye mshono mgumu ndani au uzi unaowasha, hapana. Zote ziweze kuoshwa kwa maji ya moto, na kofia ya sufu ya kawaida ukiiosha hivyo inajikaza na kusinyaa mpaka inamtosha mdoli. Alisema kwa upole, na kila moja alitueleza sababu. Hatukuwa tumeuliza kabla, ndilo kosa letu. Jumamosi iliyofuata tuliketi duara tukafumua zote 22. Kile kikao watu wanakikumbuka kuliko vikao vyote.

Halafu mwenzetu mmoja akatuchekesha na habari za Phillip Island kule Australia, wanakookoa pengwini waliochafuliwa na mafuta. Huwavisha visweta ili wasijisafishe kwa mdomo na kuyameza mafuta yale kabla hawajaoshwa. Walipoomba visweta, wafumaji wa dunia walituma vingi kupita kiasi. Nasi hupenda kutuma kabla ya kuuliza.

BIBI MFUMUAJI
Wajukuu zangu, nimesoma yote. Mimi klabuni kwetu sifumi. Viungo vya vidole vimevimba, miaka sita sasa, kushika sindano ni mateso. Nilipoona nashindwa nilitaka kuacha kwenda, kwa sababu nitakaa pale nikifanya nini? Siku moja binti mmoja alikuwa analia juu ya shali aliyoikosea, nikamwambia nipe. Kuvuta uzi hakuniumizi. Nikamfumulia, nikazungusha donge, nikamrudishia uzi wake. Wiki iliyofuata wakaja wawili. Sasa mimi ndiye mfumuaji wa klabu, nina kiti changu dirishani.

Kufumua nako kuna ufundi, msidhani ni kuvuta tu. Uzi uliokaa kwenye kazi hutoka umejikunjakunja. Ukiufuma hivyohivyo vitanzi vinakuwa vilevi. Mimi nauzungusha kwenye mgongo wa kiti uwe kitanzi kirefu, naufunga sehemu nne kwa vipande vya uzi, nauloweka kwenye maji ya uvuguvugu, naukamua bila kuusokota, nautundika mpaka ukauke. Unanyooka. Uzi wa moheri wenye manyoya hauvutwi kwa nguvu, unashikana wenyewe kwa wenyewe. Huo nauweka kwanza kwenye friza, inasaidia kidogo, kisha naenda kitanzi kwa kitanzi. Na kabla sijaanza kufumua ya mtu, namuuliza anataka kurudi hadi wapi. Pale napitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vya safu nzima, nikifika hapo uzi ule unavishika, havikimbii. Wenye busara wanaupitisha mapema, kabla ya sehemu ngumu. Wenye busara ni wawili tu klabuni.

Kuhusu kusema au kunyamaza, mimi siwezi kunyamaza kwa sababu uzi unaniambia mambo. Najua mkono wa nani ulikaza na ulikaza wapi. Kuna dada nilimfumulia mgongo wa sweta, safu kumi na mbili katikati vitanzi vimekazwa mpaka uzi hautoki. Nikamuuliza hapa ulikuwa wapi. Akasema alikuwa anasubiri simu. Sikuuliza simu gani.

Wewe Safu ya Kwanza, mwambie mwenzio mapema. Safu kumi anafumua mwenyewe. Safu themanini analeta kwangu, na mimi nimechoka.

SAFU YA KWANZA
Bibi, shikamoo. Nimekuelewa. Nitakuwa nauliza kama alivyosema Msokoto, na rula nitanunua pia.

MGENI WA JUMAMOSI
Mimi ndiye yule dada. Nilikuwa sijui kama naruhusiwa kuandika humu.

Kwanza, sikukasirika kama dada anavyodhani. Nilikuwa nimeona mwenyewe kwamba kinapanuka, nikawa najidanganya kwamba kikioshwa kitarudi. Kila Jumamosi nilikuwa naziangalia nyuso zenu. Hakuna aliyestuka, nikasema basi kiko sawa. Ndiyo maana nikauliza. Ningejua mtu ameona, ningeacha kwenye safu ya kumi.

Pili, uzi nimeuloweka leo asubuhi kabla hata sijasoma ya Bibi, ila mimi niliukamua kwa kuusokota. Nimeharibu?

BIBI MFUMUAJI
Uloweke tena, mwanangu. Haujaharibika.

SAFU YA KWANZA
Mdogo wangu, Jumamosi nitakuwekea kiti karibu nami. Leta na ule uzi wa rangi nyingine.

MGENI WA JUMAMOSI
Asante, dada. Nimeanza upya kwa donge ambalo sikuwa nimeligusa. Niko safu ya 14 na nimehesabu mara mbili, vitanzi ni 81. Nimekupigia picha lakini usiniambie kilipo, nakitafuta mwenyewe.