Mtoto ana miaka miwili na miezi minane haongei, bibi yake anataka akatwe udata

mama_neema
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za jioni. Naomba ushauri wa waliopitia hili. Neema wangu ana maneno manne tu: "mama", "ma" (ndiyo maji), "toa" na "mayu", analomwitia bibi yake. Akitaka kitu ananivuta mkono mpaka kilipo. Nikimwambia lete kandambili za baba, analeta, ila mpaka awe ananitazama. Nikimwita amenipa mgongo, kimya.

Nauza dagaa mwaloni Kirumba, kwa hiyo mchana anashinda na mama mkwe, ambaye anaongea naye Kisukuma. Jioni sisi ni Kiswahili. Jirani anasema lugha mbili zimemchanganya. Mama mkwe anasema ni udata, yaani ulimi umefungwa kwa chini, Jumamosi tumpeleke kwa mzee mmoja akamkate chini ya ulimi. Usingizi umenipaa.

baba_k
Dada, usihangaike. Wangu alianza kuongea na miaka mitatu, sasa hanyamazi. Subirini.

mama_juma_buhongwa
Mama Neema, pole sana. Baba K, wapo wanaochelewa na wakafika wenyewe, lakini nani anajua wa kwake ni yupi? Mimi nilisubiri mwaka mzima na mpaka leo unaniuma.

Hapo uliposema ukimwita amekupa mgongo anakaa kimya, nimeparudia mara tatu. Wangu alikuwa vilevile. Hatukuwaza masikio kwa sababu bodaboda ikipita aligeuka. Kila akipata mafua masikio yalitoa usaha, yakikauka tunasema amepona, kumbe ute umebaki nyuma ya ngoma ya sikio. Piga mbizi ziwani halafu mtu akuite yuko ufukweni: sauti unaisikia, neno hulipati. Ndivyo mwanangu alivyoishi. Kwa hiyo kabla ya wembe, masikio. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wana kliniki ya masikio, pua na koo. Anzia kituo cha afya cha karibu, omba rufaa, sema unataka apimwe usikivu.

Udata upo, siukatai. Lakini ulimi uliofungwa unaweza kuharibu baadhi ya matamshi, haumnyimi mtoto maneno. Na Neema anasema "toa". Jaribu kuitamka uone ulimi unavyogonga nyuma ya meno. Wa kwake unafika.

Kisukuma msikiache, tafadhali. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, na maneno yanahesabiwa ya lugha zote, "mayu" ikiwemo. Bibi ndiye mwenye saa nyingi naye. Mkimkataza lugha yake, mtoto atashinda kwenye ukimya.

Mtaalamu wa usemi tulimpata mbali, tukawa tunamwona mara moja kwa mwezi, kazi yote ikawa ya nyumbani. Alinikataza kumlazimisha "sema maji, sema!" Nilichuchumaa tukatazamana, nikashika kikombe, nikasema "maji", halafu nikanyamaza na kuhesabu mpaka kumi moyoni. Kumi ile ni ndefu jamani. Akitoa "ma", namjibu "maji baridi", neno moja tu la kuongeza. Wewe unachambua dagaa: "dagaa ndani, mchanga nje", kila siku, yeye akiwa pembeni yako.

nesi_igoma
Naunga mkono. Kwa kawaida mtoto wa miaka miwili anaunganisha maneno mawili, "mama njoo", kwa hiyo si mapema kumpeleka. Masikio yakiwa mazima msiishie hapo, waeleze pia kama ananyoosha kidole kuonyesha vitu na kama anacheza na wenzake. Na simu mpunguzieni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku.

mama_neema
Nimemsomea mama mkwe hapo pa "toa", akaitamka mwenyewe mara mbili. Kisha akasimama nyuma ya Neema akagonga sufuria, mtoto akageuka. Akamwita kwa sauti ndogo, hakugeuka. Akaita tena. Amekaa chini, hajasema kitu muda mrefu.

Jumamosi hatuendi kwa mzee. Jumatatu tunakwenda kituo cha afya, na yeye anasema lazima aje. Mama Juma, kadi ya kliniki niibebe?