Jina la mtoto wa kiume wa Kijapani: Takashi, Makoto au Ren? Naombeni ushauri

Mtu_wa_Chumbageni:
Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni mtu wa Tanga ila niko Nagoya mwaka wa sita huu, waifu ni Mjapani, na Mungu akijalia mwezi ujao tunapata dume. Kasheshe ni jina. Tulishakubaliana liwe la Kijapani maana ataandikishwa kwenye koseki ya mama yake (ile rejista ya familia) na shule atasoma huku, lakini na bibi yake wa Chumbageni naye lazima aweze kumwita bila kujing'ata ulimi. Yamebaki matatu. Takashi ni la marehemu babu yake waifu, Makoto nimelitaka mimi, Ren analitaka waifu anasema la kisasa.

Juzi nikampigia mama nikamtajia moja moja. Takashi akauliza "taka za nini tena mwanangu?" Makoto akasikia makoti. Ren akanyamaza kidogo akasema "Reni. Haya." Hiyo haya yake naijua mimi. Nyie mnaonaje?

Mama_wa_wawili:
Hongera baba kijacho 😂 Takashi achana nalo mapema. Wajapani wanapenda kukata majina, atakuwa Taka, Taka-kun, afu siku mmeenda likizo Tanga unasimama mlangoni unaita "Taka! Taka!" majirani watatoka na ndoo zao wakijua gari limefika.

Ila kabla hatujaenda mbali umesahau kitu kikubwa, ni kanji gani (zile herufi zenye asili ya China)? Jina huku siyo sauti tu. Takashi mmoja ameandikwa kwa herufi ya kuinuka, mwingine kwa ya heshima, ukilisikia tu hujui maana bado, mpaka ulione limeandikwa.

Mtu_wa_Chumbageni:
Ya babu ni 孝. Makoto nilitaka 誠. Ren ni 蓮, ua la yungiyungi.

mla_ramen:
Mkuu hiyo 孝 usiitupe haraka. Iangalie vizuri, sehemu ya juu ni ya mzee, chini yake ni 子, mtoto. Yaani mzee kakaa juu ya mtoto, kama mtoto kambeba mgongoni. Maana yake ni kuwatunza na kuwatii wazazi, fundisho la Confucius lililotoka China na kanji zenyewe. Sa niambie mama yako ukimweleza hivyo atalikataa?

Na 誠 nayo ina mambo. Kushoto ni 言, kusema. Kulia ni 成, kutimia. Neno likatimia. Wale Shinsengumi, kikosi cha wapiganaji wa panga wa Kyoto miaka ya 1860, waliiweka hii kwenye bendera yao. Halafu kuhusu makoti ya mama, Makoto kwa Kijapani cha zamani ni ma na koto, ma ni kweli, koto ni neno au jambo. Kwetu ungesema Sadiki tu, imeisha.

Kulwa_tu:
Mimi mnanichanganya na hizo herufi, kwani si mumwite Ichiro? Ichi ni moja, mtoto wa kwanza wa kiume. Wa pili Jiro, wa tatu Saburo. Hii si ndo kwetu Mosi, Pili, Tatu, tena sisi mapacha hatuulizwi hata, Kulwa na Doto mlango umefungwa.

mla_ramen:
Kulwa umechekesha ila umegusa penyewe. Majina ya kuhesabu watoto yalivuma sana zamani, leo ukimwita mtoto Saburo wenzake watadhani ni jina la babu kalirithi. Na Ichiro Suzuki yule wa besiboli usiseme ni mfano wa namba safi, "ro" yake ni 朗, ya uchangamfu, siyo ile 郎 ya kawaida ya kijana wa kiume.

Ochi_254:
Maze si aite tu Haruto, hiyo jina iko juu huko kila mwaka

Mama_wa_wawili:
Ndo tatizo lake hilo Ochi. Darasa la mwanangu chekechea Haruto wako watatu, kila mmoja na kanji yake, mwalimu anawaita kwa ukoo. Ren nalo limejaa vilevile. Silipondi, yungiyungi kwa Wabudha ni jambo kubwa, linatoka kwenye tope na ua lenyewe safi halina doa, zuri kabisa. Ila mama yako keshasema haya, na sote humu tunajua haya ya mama wa Kitanga.

Mengine ya ofisini usije ukashtukizwa. Una siku 14 tangu azaliwe kuandikisha, na siku ya kuzaliwa inahesabiwa. Koseki ina nafasi ya ukoo na jina basi, jina la katikati hamna, mimi nilitaka kuweka la baba yangu ikabidi niliunganishe na jina lenyewe, sasa mwanangu wa kwanza kila fomu jina halitoshi kwenye viboksi, analalamika mpaka leo. Na tangu tarehe 26 Mei 2025 matamshi nayo yanaingizwa rasmi kwenye koseki, kwa hiyo ule mchezo wa kuandika kanji hii ukaisoma unavyojisikia umebanwa. Kingine, mama mkwe atahesabu mistari ya kila herufi kutafuta bahati. Usibishane naye.

Mtu_wa_Chumbageni:
Kashaanza kuhesabu 😂 ana kidaftari. 孝 saba, 誠 kumi na tatu.

mla_ramen:
Sasa we si una jibu hapo? Kanji moja ina matamshi zaidi ya moja. 孝 peke yake unasoma Takashi, ikikaa na mwenzake inaweza kusomwa Kō. 誠 peke yake Makoto, ikiwa ya pili inaweza kusomwa Sei. Ziweke pamoja, 孝誠, Kōsei. Kuchukua herufi moja ya mzee ukampa mjukuu ni desturi yao ya siku nyingi, mashogun wa Tokugawa, wale watawala wa kijeshi wa zamani, wengi wao walirithi ile "Ie" ya Ieyasu, wa kwanza wao. Babu kaingia, na wewe umeingia. Waifu ndo hajapata yungiyungi lake, hilo mtamalizana wenyewe.

Kulwa_tu:
Kosei?? Hapo Tanga si watasema kakosea

Mtu_wa_Chumbageni:
Wakuu nimerudi. Waifu aliangalia zile herufi mbili kwenye karatasi muda mrefu kweli, akasema sawa, ila akija wa kike jina anachagua yeye bila kikao. Baba mkwe ataliandika kwa brashi tulibandike ukutani usiku wa saba, wanaita oshichiya, na mimi nikamwambia kwetu siku ya saba ndo akika yenyewe, kwa hiyo mbuzi atachinjwa Chumbageni siku hiyohiyo.

Nikampigia mama. Nikamwambia anaitwa Kosei. Akarudia mara mbili, Kosei, Kosei, kama anaonja chumvi.

"Mjukuu wangu hakosei," akasema, na nikamsikia anamwita dada yangu huko uani aje asikie.