Nimepewa ofa ya kuwa daireka wa muvi za wakubwa, kuna mtu alishatoboa kupitia njia hii?

Kamera_Katubuka
Wakuu habari za jioni, hasa nyie wa Kigoma na Tabora maana hali ya huku mnaijua. Mimi nashuti video, harusi, sendofu, mahafali, chochote kinachoingia, na kuna filamu fupi nimefanya na vijana wa Ujiji kwa hela zetu wenyewe. Ndoto yangu ni udaireka. Sasa kuna jamaa kanifuata Telegram anasema kazi zangu kazipenda, anataka niwe daireka wa muvi za wakubwa, nyumba ya kukodi na taa atalipia yeye, wasichana niwatafute mwenyewe huku huku, halafu video zinaenda kwenye tovuti ya nje kwa hiyo eti hakuna Mbongo atakayeziona. Malipo ni kwa kila video. Bado sijamjibu. Naomba tusitukanane, nauliza kwa dhati kabisa, kuna daireka aliyeanzia huko akafika kwenye muvi za kawaida? Na nikishutia hapa ikarushwa nje sheria inasemaje? Huku bajeti za filamu hazifiki, zote zinaishia Dar.

Mnyamwezi_wa_Stesheni
Mdogo wangu umefanya vizuri kuuliza kabla. Wapo waliotoboa ila angalia walipitia wapi. Yojiro Takita wa Japani alishinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2009, na huyo alianzia kwenye zile wanazoita filamu za pinki, yaani muvi za wakubwa za kule Japani. Lakini zile zilikuwa za kuigiza, zinaonyeshwa kwenye majumba ya sinema, kuna kampuni inayojulikana, na Takita alikaa miaka kama msaidizi kabla hajapewa ya kwake mwaka 1981. Yaani alipata shule, hadithi, waigizaji, edita, ratiba ya kubana, hivyo ndivyo vilivyomtoa na kufika 1986 tayari anafanya filamu za kawaida. Jamaa yako wa Telegram hajakuambia habari ya hadithi hata kidogo, anataka chumba, taa na wasichana.

Mwingine ni Gerard Damiano wa New York, alikuwa na saluni ya nywele kabla ya kushika kamera. Mwaka 1972 akatengeneza muvi ya wakubwa inayoitwa Deep Throat kwa bajeti ya kama dola 25,000, ikatikisa Marekani nzima, ikaingiza mamilioni, lakini hela ilitoka kwa watu wa mafia, na yeye daireka sehemu yake ilinunuliwa kwa dola 25,000 akawekwa pembeni. Alivyoulizwa na waandishi kwa nini hakudai zaidi hakutaka hata kulizungumzia, alikuwa anajua anadili na nani. Aliendelea na kazi hiyo hiyo miaka mingi mpaka akafariki 2008, kwenye muvi za kawaida hakuingia kwa maana ya kuingia. Na yule binti mwigizaji mkuu, Linda, alikuja kuandika kitabu 1980 akasema mumewe alikuwa anamlazimisha kwa kipigo na vitisho. Fikiria wewe ndiye daireka, miaka inapita halafu unasikia hayo kuhusu seti yako mwenyewe.

MamaTuli_Gungu
Mwanangu mimi nimesimama hapo hapo kwenye "wasichana niwatafute mwenyewe". Hiyo siyo kazi ya daireka hata kidogo. Huyo mtu anataka sura yako, maana binti wa Mwanga au Kibirizi anakujua, ulishuti harusi ya dada yake, atakuamini wewe siyo yeye. Na hilo neno kwamba hakuna wa nyumbani atakayeona ndilo neno lile lile walilowaambia mabinti wa Marekani. Kuna tovuti ilikuwa San Diego inaitwa GirlsDoPorn, mabinti waliitwa kwa matangazo ya uanamitindo, wakaahidiwa video ni za DVD za nje ya nchi, haziwekwi intaneti, kumbe zinawekwa na majina yao yanasambazwa mpaka shuleni kwao. Mabinti 22 walishtaki, mwanzoni mwa 2020 mahakama ikaamua walipwe zaidi ya dola milioni 12. Kesi ya jinai ikafuata, mwigizaji wa kiume ambaye pia ndiye alikuwa anawashawishi akafungwa miaka 20, mwenye tovuti akakimbia akakamatwa Hispania mwishoni mwa 2022. Sasa hiyo ni Marekani ambako biashara yenyewe inaruhusiwa. Huku video ikivuja ikaitwa koneksheni inamaliza siku ngapi kufika kila simu kuanzia hapa mpaka Kasulu? Binti ataishi wapi?

Sheria_Kwanza
Kwenye sheria niseme wazi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia au kusababisha ichapishwe kwa mfumo wa kompyuta, faini haipungui milioni 20 au jela isiyopungua miaka 7 au vyote, na ikionekana ni chafu zaidi ni milioni 30 au miaka 10. Seva kuwa nje haikusaidii, tendo likifanyika hapa hata kwa sehemu mahakama zetu zina mamlaka. Juu yake kuna Sheria ya Filamu ya 1976, kushuti filamu kunahitaji kibali, na Bodi ya Filamu haitakupa kibali cha hiyo skripti. Na lililo zito kuliko yote ni Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, kumtafuta mtu kwa ajili ya ponografia imetajwa humo kabisa. Jamaa jina lako analo, wewe jina lake unalo?

Hata California ilikuwa hivyo, Harold Freeman alikamatwa miaka ya 80 kwa kuwalipa waigizaji, wakamshtaki kama kuwadi, mpaka 1988 mahakama kuu ya jimbo ndiyo ikamwachia na kazi ikawa halali kule. Hapa kwetu hakuna uamuzi kama huo.

Kamera_Katubuka
Nashukuru sana wakuu. Jina lake halisi sina, kuna akaunti tu na picha ya gari. Hilo la wasichana nilikuwa nimelichukulia kama kutafuta waigizaji wa kawaida, sasa nimeelewa. Simfanyii. Kinachonisumbua ni kwamba alisema kuna mpiga video mwingine Kasulu ameshakubali.

MamaTuli_Gungu
Basi usimbloki kwanza wala usigombane naye. Piga skrinshoti meseji zote leo hii kabla hajafuta, hasa hiyo ya Kasulu na ile ya wasichana, halafu asubuhi nenda polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto, siyo kaunta ya mbele. Kama unaogopa kwenda peke yako niandikie inbox tutaenda wote.

Mnyamwezi_wa_Stesheni
Na zile filamu fupi za Ujiji ziweke hapa tuzione mdogo wangu.