Stendi za kamera madukani Mombasa: hizo kilo 5 mnazoandika kwenye boksi ni za nini?

Jamani, nina hasira, niacheni niseme.

Mimi ni mpiga picha wa harusi. Niliingia duka moja karibu na Digo Road na shilingi 3,000, ndizo pesa nilizokuwa nazo. Nikamwambia muuzaji waziwazi: kamera pamoja na lenzi yangu ndefu inapita kilo 2. Akanitolea stendi iliyoandikwa kwenye boksi "kilo 5". "Chukua hii kaka, wapiga picha wote wanachukua hii." Nikalipa.

Siku ya tatu niko ufukweni Mama Ngina, jua lazama, nataka kupiga picha meli ikiingia bandari ya Kilindini, shata (kile kipazia cha kamera) ikae wazi sekunde 2. Nakaza kichwa cha stendi, pale kamera inapofungwa, mpaka kidole chaniuma. Nikiachilia tu, lenzi yainama polepole kama kichwa cha mtu anayesinzia. Kila picha imevutika. Upepo wa kusi nao ukaja, miguu yatetemeka kama nyasi. Nikaona nitundike begi katikati iwe nzito, itulie. Kola ya plastiki inayoshika mguu mmoja ikapasuka pale pale! Kamera nimeidaka kwa mkanda. Ingeanguka kwenye yale mawe, kazi yangu ingeishia hapo.

Nimerudi dukani naambiwa mali ikishauzwa hairudi. Kwa nini uniuzie stendi ya simu na nimekutajia uzito wa kamera? Kuuza vitu rahisi sikulaumu. Lakini elfu 3 yangu nimeitolea jasho, na wewe ulijua.

Mwenye pesa kidogo kama mimi, nenda dukani na kamera yako. Ifunge hapo hapo na lenzi yako nzito, iinamishe, kaza, uitazame dakika nzima. Ikisogea, toka. Kile kijiti cha katikati usikihesabu kwenye urefu, ukikipandisha kamera yote inayumba. Na kwa bei hizi, miguu ambayo kila mmoja una vipande vitatu vya kuvuta huwa imara kuliko ya vitano, kwani kile cha mwisho huwa chembamba kama penseli.

Nimeshaamua sinunui tena mpya ya plastiki. Nataka ya aluminiamu iliyotumika, hata ikiwa nzito na imechubuka, bora kichwa kiwe cha chuma. Nina harusi Jumamosi Mji wa Kale na mfukoni nina 4,000. Aliye nayo aniandikie, nitakuja kuijaribu na kamera yangu mkononi.