Nataka kuhamishia Evo 9 kwenye E85: nianze na nozeli au pampu?

Tabo Kimya (mleta mada)

Wakuu, salamu.

Nina Evo 9 (Mitsubishi Lancer Evolution IX), injini 4G63, tabo ni ile ile ya kiwandani. Kilichobadilika ni egzosti na intakula (kipoza hewa ya tabo) kubwa kidogo. Inatembea kwa petroli ya oktani 95, na fundi wangu wa kompyuta amefika ukutani: kila akiongeza busti (presha ya hewa ya tabo) au kusogeza taimingi (wakati wa cheche) mbele, injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanajilipukia yenyewe, anarudisha nyuma. Kanishauri nihamie E85, yaani mafuta yenye ethanoli hadi asilimia 85 hivi na petroli kidogo. Lengo langu ni nguvu farasi 400 kwenye injini, sitaki kuvunja rekodi ya mtu.

Nimeshapata nozeli (vinyunyizio vya mafuta) za cc 750 kwa dakika zilizotumika, bei nzuri, muuzaji ananisubiri. Pampu ni ya kiwandani. Je, nikifunga hizo nozeli nikatyuni imeisha? Au kuna vitu lazima vitoke kabla ethanoli haijaingia kwenye tangi? Mmoja kaniambia mipira yote ya mafuta itaoza ndani ya wiki, mwingine anasema yake haijaguswa na gari inakwenda. Nashindwa nimwamini nani.

Nawasilisha.

Kijana wa Nozeli

Mkuu, usimlipe huyo muuzaji bado. Tupige hesabu kwanza.

Petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta. E85 ni karibu 9.8. Kwa hiyo kwa hewa ile ile unamwaga mafuta mengi zaidi, na kwa ujazo ongezeko linaangukia asilimia 30 hadi 40. Ethanoli ina nishati ndogo kwa lita, kama megajuli 21 wakati petroli ina 32 hivi. Ndiyo maana hata safari zako za pampu ya kujazia zitaongezeka.

Injini ya tabo kwa E85, ukikadiria kwa tahadhari, hula kama gramu 370 kwa kila farasi kwa saa. Farasi 400 ni kilo 148 kwa saa, sawa na lita 190 hivi. Gawa kwa nozeli nne, kila moja inatakiwa kumwaga karibu cc 790 kwa dakika. Na nozeli haitakiwi kuwa wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, kwa hiyo unatafuta cc 930. Sokoni hiyo maana yake ni cc 1000.

Sasa angalia kichekesho. Nozeli zako za kiwandani ni cc 560. Kwa hesabu hiyo hiyo, ukitia E85 ukabaki nazo, zinaishia farasi 240 hivi. Utakuwa umetia mafuta ya mashindano ukapata gari dhaifu kuliko ilivyotoka kiwandani.

Farasi Pori

Hapo kwenye nozeli zilizotumika niongeze neno. Hata zingekuwa cc 1000, bila data zake ni kujitafutia ugomvi na fundi wako. Anahitaji kujua zinachelewa kiasi gani kufunguka kwa kila kiwango cha voti, la sivyo saileni (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) itakuwa inapanda na kushuka mpaka uichukie gari.

Halafu Evo 9 ina nozeli za ukinzani mdogo zinazopita kwenye boksi la rizista. Nozeli nyingi kubwa za kisasa ni za ukinzani mkubwa. Ukifunga hizo, lile boksi la rizista unaliruka. Watu wanasahau, halafu wanalaumu mafuta.

Nyundo ya Mpira

Mnamtisha jamaa bure. Mimi nachanganya tu. Ethanoli kidogo, petroli nyingi, gari inakwenda vizuri na sijabadilisha hata bolti.

Kijana wa Nozeli

@Nyundo ya Mpira, umegusa jambo la maana ila umelipitia haraka. Mchanganyiko wa E30, yaani ethanoli asilimia 30, ni njia halali kabisa. Mahitaji ya mafuta yanapanda kama asilimia 10 tu juu ya petroli, na sehemu kubwa ya faida ya kuzuia kugonga unaipata. Nozeli za cc 750 kwa E30 zingemfikisha mleta mada karibu farasi 370. Lakini na hiyo inatyuniwa, si kumimina kwa macho. Kompyuta ya kiwandani hujisahihisha mchanganyiko wakati wa mwendo wa kawaida, na masahihisho yenyewe yana kikomo. Ukikanyaga mpaka chini, Evo haisomi tena sensa ya oksijeni ya kiwandani, inafuata jedwali. Jedwali likiwa la petroli na tangini mna ethanoli nyingi, mafuta yanapungua pale pale injini inapoyahitaji zaidi.

Mama Gasketi

Wote mmekimbilia nozeli. Mimi nawauliza: nozeli ya cc 1000 itamwaga nini kama hakuna kinachofika?

Mleta mada, mwanangu, E85 inashindia au inaharibikia kwenye pampu. Lita 190 kwa saa ulizopigiwa ni lita 190 zikiwa chini ya presha. Regyuleta yako inaweka presha ya mafuta juu ya presha iliyoko kwenye manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini). Ukianza na ba 3, ukapiga busti ya ba 1.5, pampu inasukuma dhidi ya ba 4.5. Kila presha inapopanda, lita zinashuka. Kwa hiyo ile "255" iliyoandikwa kwenye boksi la pampu si lita 255 kwa saa ukiwa kwenye busti. Kwa lengo lako pampu ya 255 inabaki ukingoni, na pampu ikiwa ukingoni leo, ikichakaa kidogo imekwisha. Tafuta ya daraja la 340 au 450, na iwe imeandikwa na mtengenezaji wake kwamba inakubali E85.

Halafu voti. Hapa ndipo ninapogombana na mafundi kila mara. Pampu ile ile ikipata voti 13.5 na ikipata 12 ni pampu mbili tofauti. Waya wa kiwandani ni mwembamba, una umri, na Evo ina rizista inayopunguza mwendo wa pampu mzigo ukiwa mdogo. Pampu kubwa inaweza kula ampia 15 na zaidi. Vuta waya mnene mpya kutoka kwenye betri, weka fyuzi karibu na betri, rilei yake, na graundi safi kwenye bodi. Waya wa zamani utabaki kazi yake kuwasha rilei tu. Kisha pima voti kwenye soketi ya pampu, injini ikiwa inaunguruma. Ukipima kwenye betri utajidanganya.

Tabo Kimya

Shikamoo Mama Gasketi, nimekuelewa. Sasa si bora nifunge 450 moja kwa moja nisifikirie tena?

Mama Gasketi

Marahaba. Unaweza, ila pampu kubwa nayo ina matata yake. Gari ikiwa saileni injini inakula mafuta kidogo sana, yanayobaki yote yanarudi tangini kupitia regyuleta. Kitundu cha regyuleta ya kiwandani kikizidiwa, presha inapanda yenyewe na hutaweza kuishusha. Ndiyo maana 450 mara nyingi huenda na regyuleta ya kurekebishika na njia ya kurudishia iliyo pana. Ukishafunga, chomoa kimpira cha vakyumu kwenye regyuleta, gari iwe saileni, usome geji. Ikikaa pale ulipoiweka, sawa. Ikigoma kushuka, regyuleta haitoshi.

Spana Kumi

Kuhusu mipira, maana naona hilo limerukwa. Wale wawili waliokushauri wote wana ukweli kidogo. Gari nyingi za miaka ya 2000 zilitengenezwa zikitarajia ethanoli kidogo ndani ya petroli, kwa hiyo hakuna kitakachoyeyuka ndani ya wiki. Lakini kuvumilia E10 (ethanoli asilimia 10) na kuishi ndani ya E85 miaka mingi si kitu kimoja. Mpira wa zamani ambao umeshakauka, ethanoli inaumaliza. Mimi ningebadilisha vipande vyote vya mpira kwa hozi zenye PTFE (plastiki sugu) ndani, na oringi za nozeli ziwe za Viton (mpira sugu kwa mafuta) mpya.

Kuna kipande kimoja ambacho watu hawakioni: kile kifupi ndani ya tangi, kutoka kwenye pampu kwenda juu kwenye kifuniko. Usitumie mpira wa kawaida wa mafuta pale. Mpira wa kawaida umetengenezwa ukae na mafuta ndani, si kuzamishwa. Tafuta ulioandikwa SAE J30R10, huo ndio wa kuzama. Ukipasuka huo mle ndani, hakuna tone chini wala harufu. Presha inashuka tu kwenye busti na wewe unabadilisha nozeli zisizo na kosa.

Filta ya karatasi iondoke, weka ya waya wa chuma kisichoshika kutu, mikroni 10. Na aluminiamu iliyo wazi bila kupakwa kinga sipendi kuiona kwenye mfumo wa ethanoli yenye maji.

Bwana Spiriti

Samahani wakuu, hii ethanoli si ndiyo spiriti? Kwa nini asinunue ya madumu achanganye mwenyewe?

Spana Kumi

@Bwana Spiriti hapana. Spiriti ya madukani imetiwa vitu ili isinywewe, na hujui ni vitu gani wala ina maji kiasi gani. Nyingine ina methanoli, na methanoli inataka hewa gramu 6.4 tu kwa gramu ya mafuta, tena inakula metali vibaya zaidi. Tyuni yote inakuwa ya kubahatisha.

Kijana wa Nozeli

Na hata E85 yenyewe jina lisikudanganye. Marekani, kwa mfano, mafuta yanayouzwa kama E85 yanaruhusiwa kuwa na ethanoli kuanzia asilimia 51 hadi 83, kutegemea msimu. Wanapunguza wakati wa baridi kwa sababu ethanoli safi haitoi mvuke wa kutosha kushika moto kirahisi ikiwa chini ya nyuzi 13 hivi. Kwa hiyo ukitaka kulala usingizi, funga sensa ya ethanoli. Zile zinazotumika sana hutoa mapigo: hezi 50 ni ethanoli sifuri, hezi 150 ni asilimia 100. E85 halisi utaona hezi 135. Watu wengi huifunga kwenye njia ya kurudi tangini. Kompyuta ikisoma hiyo, inahama yenyewe kati ya jedwali la petroli na la ethanoli.

Bila sensa, unabaki na bomba la kipimo: mimina mililita 20 za maji, ongeza 80 za mafuta, tikisa, acha vitulie. Ethanoli inakimbilia kwenye maji. Tabaka la chini likifika 88, umepata 68 za ethanoli ndani ya 80, yaani asilimia 85. Si maabara lakini inakutoa gizani.

Farasi Pori

Mleta mada usije ukashtuka: geji yako ya mchanganyiko itaendelea kukuonyesha 14.7 na E85 ikiwa ndani. Sensa inasoma lamda, yaani hewa iliyopo ukilinganisha na ile mafuta hayo yanayohitaji, geji ndiyo inayotafsiri kwa kipimo cha petroli. Zoea kuongea lamda na fundi wako, mtaelewana.

Faida yenyewe ipo, usikate tamaa kwa haya matisho. Koenigsegg CCX ya petroli ilikuwa na farasi 806. CCXR ya E85 iliyotokana nayo ikapewa 1018. Oktani ni sehemu tu. Ethanoli inapogeuka mvuke inafyonza joto zaidi ya mara mbili ya petroli kwa kila kilo, na wewe unamwaga kilo nyingi zaidi. Silinda inapoa, taimingi inakubali kwenda mbele. Ila torki itakuja kwa nguvu, klachi yako ya kiwandani ianze kuaga.

Nyundo ya Mpira

Na plagi?

Farasi Pori

Za baridi daraja moja, upenyo upunguzwe kidogo. Oili aibadilishe mapema kuliko alivyozoea, hasa kama ana safari fupi fupi, maana mafuta ambayo hayajachomeka yanateremka kwenye oili na injini haipati joto la kuyafukuza. Na gari kama itakaa miezi bila kuguswa, irudishwe petroli kwanza, ethanoli inavuta unyevu.

Tabo Kimya

Nimebadilisha mpango. Zile 750 nimeziacha. Nozeli cc 1000 mpya zenye data, pampu ya 340 yenye waya wake na rilei, regyuleta ya kurekebishika, hozi za PTFE, filta ya chuma, sensa ya ethanoli na sensa ya presha ya mafuta ili fundi aone kwenye logi. Kompyuta ya kiwandani haina pa kusomea sensa ya ethanoli bila kuichezea, kwa hiyo huenda nikaanza na E30 huku najikusanya. Nimesahau nini?

Mama Gasketi

Hujasahau, panga tu mpangilio. Funga vifaa vyote, kisha tyuni kwa petroli ile ile unayotumia sasa. Presha ikishuka, saileni ikisumbua au kiungo kikivuja, utajua ni vifaa na si mafuta. Petroli ikikaa sawa ndipo uanze ethanoli. Na ununue filta mbili: tangi la gari hii lina uchafu wa miaka yote hiyo, ethanoli itaung'oa na kuuleta kwenye filta mwanzoni kabisa. Ya kwanza itoe mapema, ipasue uangalie ndani, kisha weka ya pili.